Vifungo vya Shati la Mchezaji

Nilitoka Lewisham kwenda Harrow kwa ajili ya picha ya mchezaji wa besiboli aliyekufa zamani. Mhariri wa jarida dogo alikuwa amekubali kuchapa makala yangu ya kwanza tangu nihitimu, mradi apate picha safi kabla ya Jumatatu. Makala yote ilisimama juu ya jambo moja: kwamba huyu kijana wa London, aliyelipwa kucheza Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, alikuwa shoto. Alilinda nafasi kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambapo mashoto hawapangwi kwa kuwa wanachelewa kugeuka na kurusha. Baadaye alihamishiwa kituo cha pili, na hakuna gazeti lililosema kwa nini. Pichani glavu ya kudakia ilikuwa mkono wa kulia, kwa hiyo alirusha kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na uhakika. Au tuseme, nusu uhakika.

Saa mbili asubuhi nilipanda treni, saa nzima mapema kuliko ilivyohitajika. Njia nzima nilifungua bahasha kuhakikisha picha haijapinda. Haikuwa imepinda.

Saa nne nilibisha kwa Mzee Harish, aliyekuwa na studio ya picha Nakuru na bado hurekebisha picha za zamani nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Chai umekunywa? Hata kama umekunywa, kaa."

Aliiweka picha kwenye skana, akaitazama kwenye kompyuta, akacheka.

"Huyu bwana amevaa shati la mkewe?"

"Vipi, mzee?"

"Vifungo! Vimekaa upande wa kike. Aliyesafisha picha aligeuza bamba la kioo lililopigiwa, kulia kukawa kushoto. Hata mimi nilimgeuza bwana harusi mmoja, saa ikahamia mkono wa kulia. Mama mkwe wake alinitukana mpaka wateja wakatoka."

"Basi si shoto?"

"Hapana. Wa kawaida kama mimi."

"Mhariri hatatazama vifungo," nilisema, na uso ukanichoma.

"Nikusafishie uongo? Umri huo umenipita. Ngoja."

Aliigeuza picha, akaikuza. Sasa mkono wa kulia ulikuwa mtupu, wa kurushia, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda kwenye kifundo, kama kilichovunjika zamani kikaunga vibaya. Niliruka, nusura nimwage chai. Kutoka kituo cha pili hadi cha kwanza mpira unarushwa masafa mafupi zaidi, ambayo hata kidole kibovu kingeyamudu! Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sababu ya kuhamishwa.

"Polepole, zulia la mke wangu hilo!" alisema, naye akicheka.

Saa saba nilikuwa kwenye treni ya kurudi, nikifuta kurasa sita kwa furaha ambayo sikuitegemea. Nilituma mbili mpya pamoja na picha. Jioni mhariri alijibu: "Hii ni bora. Naichapa."

Mwaka mzima nilimtafutia mtu huyu maajabu, nisimtazame mkono. Kumbe aliumia kidole, akatafuta mahali pengine pa kusimama, akaendelea kucheza.