Unga Uliorudishwa kutoka Zambia

Mama Adrienne alilijua gunia lake kabla halijashushwa kutoka kwenye boti. Kamba ilikuwa vilevile alivyoifunga, fundo juu ya fundo. Huko kusini mwa Zambia hakuna mkono uliolifungua. Mchuuzi aliyelirudisha aliangalia pembeni akasema, "Mama, kaka yako anasema mutoto hamulishi baba."

Basile hakuwa baba yake, ila ndiye aliyemlea wazazi wao walipokufa. Wakati wa vita alivuka ziwa, akapata shamba kule, na kwa miaka mingi unga wa mahindi ulitoka kwake kuja Kalemie kwa mdogo wake, anayeuza unga wa mihogo karibu na bandari. Mwaka huu mvua ilikatika mahindi yakiwa bado kwenye maua. Wifi yake Julie alikuwa amepiga simu kwa siri: wajukuu wanakula mara moja kwa siku, na Basile anawaachia hata ile sahani yake. Watu wa msaada walipokuja kuandika majina, aliwaambia, "Andikeni wenye njaa," akarudi kukaa mlangoni.

Jumapili, baada ya sala ya shirika lao la mtaa, Adrienne aliomba ushauri. Badala ya ushauri ukazuka ubishi.

"Chakula cha kugawa kinaharibu watu," alisema Papa Germain, mwalimu. "Magunia yakishuka, mahindi ya mukulima hayana tena munuzi. Heri wapewe mbegu."

"Mbegu zinachukua muda gani kuiva kwenye sufuria, Papa Germain?" aliuliza Mama Laurette, aliyekimbia vita kule Nyunzu na watoto wake. Watu wakacheka. "Mimi nimekula ule unga wa magunia. Usingefika, leo ungebishana na ukuta."

"Sisemi mufe njaa, Mama."

"Unasema tungoje mvua. Njo kufa kule kule."

Ndipo Papa Déogratias, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyedhaniwa amesinzia, akafumbua macho. "Kwani huyo Basile anataka kufa bila kuniuliza?"

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Adrienne. Ukoo wa Déogratias na ukoo wao ni watani tangu mababu. Mtani hutukana asikasirikiwe, huchukua kuku bila kuomba, na siku ya msiba ndiye anayeshika jembe la kaburi. Adrienne aliona kosa lake. Alikuwa ametuma unga kwa heshima zote za mdogo mtu, na heshima hiyo ndiyo iliyomchoma mkubwa wake.

"Papa Déo, utanibebea gunia?"

"Nikubebee? Tangu sasa gunia ni langu. Na nitaongeza ndagala, maana bukari ya unga wenu, ikiwa kavu, hata panya inamukwama."

Aliondoka na boti ya Mpulungu, bandari ya Zambia, kutoka huko apande basi. Siku mtani alizokuwa njiani, Adrienne alipima unga akikosea vipimo. Kila simu ilipolia aliogopa ni Julie na habari mbaya.

Hatimaye ikalia katikati ya soko. Ilikuwa namba ya Déogratias, lakini hakuwa akizungumza naye. Alikuwa ameiacha simu wazi ili asikie.

"Basile, nimepita shambani kwako. Udongo umekuwa tofali. Ukifa mwaka huu, jembe langu litaingia wapi? Unataka kunivunja mugongo? Kula hii, ungoje mvua, ndipo ufe. Nitachimba polepole."

Adrienne alibana simu sikioni.

"Mwizi wewe," ilisema sauti ya kaka yake, kavu, nyembamba kuliko alivyoikumbuka. "Unga huu umeuiba kwa nani?"

"Kwa wajinga wa ukoo wenu."

"Nilijua. Umesagwa vibaya." Kisha, kwa nguvu zaidi: "Julie! Weka maji motoni. Huyu mchimba kaburi asije akaanguka hapa na njaa yake, akatuletea kazi."

Mtani akishajibiwa tusi, alicholeta kimepokelewa. Adrienne aliketi juu ya magunia yake.

"Na wale wanaoandika majina," Déogratias aliendelea, "kesho nitakupeleka nimekushika mukono kama kipofu."

"Jaribu! Nitakwenda kwa miguu yangu."

Adrienne alicheka huku machozi yakimshuka, hata mteja aliyekuwa akingoja akashtuka.

"Mama, ni msiba?"

"Hapana," alisema, akijipangusa kwa kitenge. "Kaka yangu anakula."