Bunduki ya Mpingo Mikokoni

Aibu hii nimeshaisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila anayeisimulia ananiongezea kitu, mpaka juzi nikasikia eti nilikuwa na mabomu kiunoni, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe, mimi Esha binti Nambunga wa Msimbati, mtu mzima mwenye wajukuu, niliyekikimbiza kijiji changu kwa kipande cha mti.

Mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa binti yangu Mwanahamisi, anakaa Chuno mjini na kazi yake ni kuchora kwa kompyuta. Kuna vijana huko Dar es Salaam wametengeneza gemu ya vita, wakamwambia awachoree picha ya dukani, maana magemu nayo yana duka lake humohumo ndani ya simu, mtu anapitisha kidole anaona vipicha vidogo kama ukucha, kinachomshika jicho ndicho anachokifungua. Zuhura akachora, wakamrudishia. Aliweka helikopta, moshi, vifaru na askari wengi kama siafu, na aliponionyesha ikiwa kubwa niliisifu sana, lakini alipoipunguza ikawa kama uji uliomwagika jikoni. Akachora nyingine ya askari mmoja aliyejifunika uso, nayo ikarudi, wakasema askari wa namna hiyo wamejaa tele dukani.

"Wanataka mtu mmoja, bibi," akaniambia siku aliyonijia kijijini, macho yamemvimba. "Uso uonekane, na ukimtazama tu ujue yuko hatarini. Wasipoipata kesho asubuhi, kazi anapewa mwingine."

Alitaka kunipiga picha mimi, kisha achore juu yake. Nikamuuliza kwa nini asiwapige vijana wa huko Chuno wanaopenda mambo hayo. Akasema amejaribu, wote wanakunja sura kama wanauza miwani, lakini uso wangu una mikunjo na mwanga unakaa humo. (Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa.)

Nguo za jeshi hatukuzigusa. Huku kwetu raia havai nguo zile, hata kofia yenye madoadoa utaulizwa umeitoa wapi, kwa hiyo nilivaa koti la mvua la marehemu babu yake, la kijani, nikajipaka masizi mashavuni. Bunduki alikuja nayo, kachongewa na mjomba wake Bakari, mwanangu anayechonga vinyago Nanyamba, tena kwa mpingo, nyeusi inang'aa, nzito. Bakari akikuchongea mzee anayekohoa, utamletea maji. Sasa tazama akili zetu: nguo tuliziogopa, bunduki hatukuiogopa, kwa kuwa sisi tulijua ni mti.

Zuhura alitaka tupigie uani kwangu, atundike shuka ukutani. Mimi ndiye niliyekataa. Jirani yangu Siwema binti Chilumba dirisha lake linatazama uani kwangu, na Siwema akiona kitu asubuhi, adhuhuri hadi watoto wa madrasa wanacho. Nikasema twende mikokoni, maji yamekupwa, kunapitika, hakuna mtu. Bunduki tukaiviringisha kwenye mkeka ili tusionwe njiani. Yaani mimi, niliyeshuka pwani kuchokoa pweza tangu sijavunja ungo, nilikumbuka kwamba maji yamekupwa nikasahau kwamba maji yakikupwa ndipo wanawake wote wanaposhuka.

Nikalala kwenye tope nyuma ya mizizi, bunduki nimeielekeza baharini. Zuhura kaiweka kamera yake iwe inapiga yenyewe mfululizo, naye kachutama pembeni ananiambia, "Bibi, usinitazame mimi. Tazama mbali, kama kuna mtu unamsubiri." Nikatazama mbali. Mgongo unauma, kaa mmoja anapanda kwenye kiwiko changu, nami nimeambiwa nisitikisike.

Mara nikasikia ndoo inaanguka. Nikageuza macho tu, nikamwona Somoe binti Chande, somo yangu ambaye tulichezwa unyago pamoja, yuko mbali kidogo ndani ya maji na wenzake nyuma yake, mkono kaunyoosha kuwazuia. Hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume, taratibu, hatua baada ya hatua, halafu mmoja wao akashindwa kuvumilia akakimbia, na wote wakakimbia, ndoo zinaelea, chaza zimemwagika.

Mimi mtu mzima na akili zangu sikufikiri kwamba wananikimbia mimi. Nilidhani nyuma yangu kuna kitu.

Watu wa huku tunajua ng'ambo ya mto Ruvuma, kuvuka mpaka, wenye silaha waliwafanya nini watu wa vijijini. Wengine tumepokea ndugu waliovuka na mtoto mgongoni na sufuria moja, basi, hawana kingine. Kwa hiyo kipaza sauti cha msikitini kiliposema, na haikuwa saa ya adhana, "Akina mama chukueni watoto, watu wenye silaha wameonekana mikokoni," nilimshika Zuhura mkono.

"Bibi," Zuhura akaninong'oneza, "wameingia."

"Lala," nikamwambia.

Tukalala kwenye tope, nimemfunika kwa koti la babu yake, tunajificha sisi tusije tukaonwa na sisi wenyewe. Kijiji kinalia, mbuzi wanalia, pikipiki zinanguruma kuelekea kwenye mikorosho, na mimi nimeikumbatia ile bunduki ya mti namwomba Mungu aigeuze iwe ya kweli, japo ya risasi moja, mtoto wa Mwanahamisi asiguswe.

Kisha pikipiki ya mwisho ikapotelea mbali.

"Mliomo humo," sauti ikasema, karibu kabisa. "Tokeni. Mikono juu."

Nikasimama na mikono juu, nikasahau kwamba mkono mmoja una bunduki. Nikaona askari wetu na mitutu ya kweli, na haikunielekea mimi peke yangu, mingine ilimwelekea Zuhura.

"Tupa silaha."

Nikaitupa. Ikaangukia kwenye dimbwi, ikapotea.

"Ni mti, mwanangu," nikasema. "Ni mti tu, tunapiga picha ya gemu."

Mkubwa wao alikuwa kijana wa bara, akalitazama lile dimbwi. "Mti ungeelea, bibi."

"Ni mpingo. Mpingo unazama."

Zuhura analia bila sauti, mikono kichwani. Nikawaza, nitakufa kwa ajili ya kinyago cha mwanangu mwenyewe.

Ndipo mmoja wao, ambaye kwa kusema kwake nilimjua ni mtoto wa Newala, akasema taratibu, "Afande, ni kweli. Mpingo unazama." Akaingia dimbwini, akapapasa kwa mguu, akainua, akaigonga kwa ukucha. Ikalia mti. Mitutu ikashuka, na mimi nikashuka nayo, nikakaa kwenye tope kama mtoto.

Afande akachukua kamera akaanza kufuta picha, moja moja.

"Afande, nakuomba," Zuhura akasema, "kesho asubuhi nisipoipeleka..."

"Kesho asubuhi ungekuwa unamzika bibi yako."

Kila yenye bunduki ilifutwa, kila iliyoonyesha pwani ilifutwa, mpaka akafika kwenye moja akatulia. Kamera ilijipiga yenyewe wakati kipaza sauti kinalia. Ni uso wangu mtupu, masizi mashavuni, macho yamenitoka, nyuma anga jeupe. Akaitazama sana, akamrudishia kamera. "Hii haina silaha. Mbakie nayo." Bunduki wakaondoka nayo, sijaiona tena.

Wakatupitisha katikati ya kijiji ili watu waone wamekuwa wakimkimbia nani. Siwema binti Chilumba alikuwa mlangoni na furushi lake kichwani, akanitazama kuanzia masizi hadi miguu, akasema, "Jirani, si ungepigia tu picha hapo uani kwako." Ningepata shimo ningeingia.

Usiku ule Zuhura hakulala, alichora juu ya picha ile, na asubuhi akaituma. Hakuongeza helikopta wala moshi. Waliikubali siku ileile, wakasema mtu akiiona inamsimamisha, hata ikiwa kama ukucha.

Mimi nikapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa mwenyekiti, kwa imamu, kwa Fatu binti Likwata aliyekimbia na mjukuu asiye wake. Kwa Somoe nilikwenda mwisho, na ndoo mpya yenye chaza nilizochokoa mwenyewe. Akaipokea, akatoa simu ya mwanawe akanionyesha ule uso wangu, mdogo, katikati ya wanaume wenye helmeti.

"Esha," akasema, "sisi tulikuwa tunakukimbia wewe. Wewe ulikuwa unamkimbia nani?"

Akacheka mpaka akakaa chini, na hapo nikajua nimesamehewa, ingawa mpaka leo tukishuka pwani mimi ndiye ninayetangulizwa mbele, eti adui akiniona atarudi. Nami nimeapa, nikipigwa picha tena itakuwa uani kwangu, shuka ukutani, mchana kweupe, na Siwema nitamtolea kiti akae atazame vizuri.