Unyayo Chini ya Chungu

Nilipokuwa mtoto, bado naota meno ya pili, mlangoni kwetu Masaki palikuwa na chungu kilichofunikwa kifudifudi, na ole wake aliyekigusa. Nasema Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, si ile ya Dar yenye mageti. Chini ya chungu hapakuwa na kitu ila unyayo wa baba.

Baba yangu, Salumu, alikuwa amechukuliwa jeshini. Asubuhi aliyoondoka alikanyaga udongo laini wa kizingitini kwa mguu mtupu, viatu kavishika mkononi, na bibi, mama yake mzazi, akauwahi ule unyayo na kuufunika kabla kuku hajapita. Ndivyo walivyofanya wazee wa kwetu mtu akienda mbali. Pale hapafagiliwi, hapamwagwi maji, mpaka mwenye mguu arudi aukanyage mwenyewe.

"Ukiguswa," bibi alituambia mimi na mdogo wangu Shomari, "atarudi, lakini atarudi mgeni."

Sikuelewa. Mtu anarudije mgeni kwake?

Lililonikera zaidi ni jingine. Kwenye kuandikishwa walitakiwa vijana wasiooa. Baba akasema hana mke. Mke yuko ndani anasonga ugali, watoto wawili wako mkekani, yeye kasema hana. Tukafundishwa kwamba mtu akiuliza, baba yuko Msimbu anachoma mkaa. Mimi uongo siuwezi tangu hapo. Nikiulizwa nilikuwa nanuna tu, mpaka watu wakadhani baba kafungwa.

Habari zake hazikuja. Jioni moja nilimsikia mama jikoni, akimwuliza bibi.

"Mama, mtu akizoea kusema hana mke, si mwisho ataamini?"

"Mwanangu namjua," bibi akajibu.

"Na mimi namjua. Ndiyo maana nauliza."

Mvua iliponyesha, bibi alinyanyua chungu kuona kama maji yameingia. Akabaki ameinama. Unyayo ulikuwepo, vidole vyote vitano, lakini kisigino kilikuwa kimechotwa.

"Mama Tatu! Njoo hapa." Tatu ndiye mimi.

Mama akaja anafuta mikono. "Labda kuku, mama."

"Kuku? Kafunua chungu, kachota, kafunika tena? Basi kuku huyo apelekwe shule."

Mama hakucheka. Nyumba nzima ikaanza kutazamana kwa pembeni. Bibi alimshuku jirani aliyekuja kuomba moto, akamshuku mama, kisha nikamkuta ananitazama mimi. Nikawaka.

"Bibi, ningechota mimi ningesema!"

"Najua," akasema. "Mdomo huo hauhifadhi hata mate."

Zilipokuja habari kwamba makuruta wanaruhusiwa kuonana na ndugu zao Jumapili, mama alinichukua. Lori la mkaa lilitupitisha Mzenga mpaka Mlandizi, tukapanda basi kwenda Kibaha, kambini kwake. Njiani ndipo akaniambia.

"Tukifika, mimi ni dada yake. Wewe utamwita mjomba."

"Siwezi."

"Wakijua, anafukuzwa leo hii. Unataka arudi kwenye mkaa?"

Nilitaka arudi. Na mkaa sikuwa na ugomvi nao.

Tulimkuta amekonda, kichwa kimenyolewa, buti zimemzidi. Mlinzi wa geti alisimama karibu, anasikia kila neno. Baba akamtazama mama, mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemzidi umri, akasema kwa sauti safi:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," mama akaitikia, bila kupepesa.

"Na wewe mpwa wangu, hujambo?"

"Shikamoo," nikasema, nikaishia hapo. Neno mjomba lilikataa kutoka.

Mama akafungua fundo la khanga. Niliuona udongo wetu mwekundu, na papo hapo nikamjua kuku ni nani. Akaumwaga chini, kidogo, mbele ya buti za baba.

"Vua kiatu ukanyage," alinong'ona. "Ni wa mlangoni kwako. Ukiukanyaga huku, kwako kutakuita."

"Dada, hapa hatuvui."

"Salumu."

"Wananitazama, dada."

"Nini hicho?" mlinzi akauliza.

Baba akawahi kujibu. "Mambo ya ushamba, afande. Huyu dada yangu anaamini sana." Akacheka. Mlinzi naye akacheka. Mama akainama, akauzoa udongo wote kwa vidole, akafunga fundo lake.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye chungu. "Kuku ni mimi, mama," alisema, akaurudisha udongo mahali pa kisigino na kuushindilia kwa kiganja.

Bibi aliuliza moja tu. "Aliukanyaga?"

"Hapana."

Bibi akafunika chungu.

Baba alikuja likizo baadaye sana. Alisimama nje ya mlango wake na begi lake, akasema, "Hodi." Mama akaitikia karibu, akamtolea kiti kile cha wageni, naye akakikalia, chungu kikabaki kilivyo.

Sitaki kumwonea. Hakututupa, na kama alioa kwingine hatujui. Aliporuhusiwa kuoa aliiandikisha ndoa, mama akawa mke kwa mara ya pili. Alileta saruji ya sakafu, na bibi akamsimamia fundi aache wazi pale mlangoni, kiduara sawa na mdomo wa chungu.

Bibi alikufa akiamini kilichomgeuza mwanawe ni udongo uliochotwa. Mama anaamini ni udongo ambao haukukanyagwa. Mimi shule niliiacha mapema, mengine nimejisomea mwenyewe, na siamini udongo. Ninachokiamini ni kile kicheko nilichokisikia getini. Mtu akiisha kumcheka mkewe mbele ya watu ili apone, uso wa yule mke atautazamaje tena?

Baba amestaafu, amejenga Kibaha. Mama alikataa kuhamia. Baba huja Masaki siku moja moja, anapiga hodi, anaitikiwa. Chungu kilishavunjika, unyayo ulishafutika, kimebaki kile kiduara cha udongo katikati ya saruji. Huwa nakaa mkekani namtazama tu. Kila akiingia huinua mguu juu, akakiruka.

Mtu asiyeamini mambo ya ushamba angekanyaga.