Sanduku la Glasi Nililolishindilia Majani

Hii aibu nimekaa nayo miaka mingi bila kumwambia mtu, na leo naitoa tu kwa sababu mmoja wenu ameniuliza kwa nini nikiona glasi yenye mguu mrefu natoka nje, basi sikieni, lakini mkicheka chekeni polepole. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa majani chai kwenye kituo kimoja cha kupokelea majani karibu na Mogogosiek, miaka ya tisini, na nilikuwa mkali.

Mkali kweli. Mkulima akileta gunia naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikisikia joto nasema maneno yaleyale, "Hii imechomeka. Rudisha nyumbani," halafu nageukia gunia la pili bila hata kumtazama usoni. (Kwa wale ambao hamkukulia kwenye chai: majani mabichi ukiyashindilia yanapata joto yenyewe, yanageuka mekundu, ndiko kuchomeka, na kiwandani hayafai kitu.) Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemrudisha Kogo Tabsabei, nyanya mmoja mwenye shamba dogo kule bondeni, akalifunga gunia lake mgongoni tena na kuteremka nalo kilima. Sikujali. Meneja alikuwa ameniahidi kazi ya mkaguzi wa majani, na mkaguzi hupewa pikipiki, na mimi hiyo pikipiki nilikuwa naiota hata mchana.

Sasa ikakaribia siku ya wakulima, pale kwenye uwanja wa shule ya msingi, na wanunuzi wawili wa chai walikuwa wanatoka ng'ambo kuja kutuona. Meneja akaazima karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, kwa mzungu mmoja mstaafu huko Kericho, ili wageni wapate mahali pa kupumzika na kunywa divai (wazee wa kanisa waliambiwa ni juisi). Mimi nikapewa kazi mbili. Niwafundishe wakulima kutunza majani, na nisafirishe chupa sita za divai ya povu pamoja na glasi ishirini na nne za mguu mrefu za mke wa meneja, zawadi za harusi yao.

"Karani," mama huyo akaniambia jioni akinikabidhi, "nikisikia hata moja imevunjika, pikipiki uisahau."

Niliogopa sana. Magazeti aliyonipa yalifunga glasi tano tu yakaisha, na kurudi kumwomba mengine niliona haya. Nje ya nyumba yao kulikuwa na magunia mawili ya majani yaliyochumwa mchana huo yakingoja lori, laini, mengi, na hakuna aliyekuwa akiyatazama. Nikachukua sanduku la mbao la kupakia chai, nikalaza chupa chini, glasi juu, nikajaza majani kila pembe, nikashindilia kwa ngumi na kwa goti mpaka ukilitikisa husikii hata mlio. Nikapigilia kifuniko misumari. Usiku huo nililala vizuri, hebu fikiria.

Asubuhi dereva wetu, Nyabuto, akafunga karavani nyuma ya pikapu, na mimi nikaingia ndani kulikumbatia sanduku. Lami ilipoisha mambo yakawa mabaya. Kila shimo moyo wangu unaruka, natega sikio, kimya, nashukuru Mungu, shimo lingine. Tukiwa karibu nusu ya safari nikasikia tumbo langu lina joto. Nikasema ni jua. Nikasogea, na joto likabaki kwenye sanduku.

Jamani, mimi nilijua. Mkono huu umepima joto la magunia miaka minne, ungekosaje kujua? Ningegonga dirisha Nyabuto asimame tutoe yale majani, lakini glasi zingebaki uchi na barabara ile ilikuwa bado ndefu. Nikaiona pikipiki akilini, nikazidi kulikumbatia sanduku. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Tulifika kumejaa. Nilitaka kulifungua sanduku kwa siri, lakini Meneja akanishika mkono. "Karani, wewe ndiye wa kwanza, twende." Nikapewa maikrofoni mbele ya mamia ya wakulima, wengi wao nimewahi kuwarudisha, na Kogo Tabsabei amekaa mstari wa mbele. Nikaanza kusema majani yanapumua, majani hayashindiliwi, na mwenye kushindilia ni mvivu au ni mjinga. (Ndiyo, nilisema mjinga, na spika ilikuwa nzuri.) Hapohapo namwona Nyabuto anakuja na sanduku begani. Nikamkonyeza arudi. Akadhani namsalimia, akatabasamu, akaliweka kwenye meza ya wageni kando yangu na kung'oa kifuniko.

Mvuke ulipanda. Ile harufu kila mtu pale aliijua, na majani yalikuwa mekundu juu mpaka chini. Meneja, kwa kutaka kuficha mambo haraka, akapekua mpaka chini, akatoa chupa moja na kulegeza waya, kizibo kikaruka kama jiwe la kombeo, na divai ya moto ikammwagikia mmoja wa wale wanunuzi shati zima. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kogo akainuka. Akaja mpaka mezani, akakunja mkono wa sweta, akaingiza mkono sandukuni mpaka kwenye kiwiko, taratibu, kama mimi.

"Karani," akasema, "hii imechomeka. Rudisha nyumbani."

Ndipo uwanja mzima ukacheka, na maikrofoni bado iko mkononi mwangu.

Glasi zilihesabiwa, zote ishirini na nne nzima. Pikipiki akapewa mwingine.

Jumatatu nilirudi kituoni nikitamani niwe mgonjwa, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kogo. Nikaingiza mkono kwenye gunia lake, majani baridi, mazuri.

"Na glasi?" akaniuliza.

"Ziko sawa, Kogo. Zote."

"Basi kupakia unajua. Ukarani ndio bado."

Nikalibeba gunia lake mwenyewe mpaka kwenye mizani. Niliapa siku ile kwamba sitamrudisha mtu tena bila kumtazama usoni, na wale niliolazimika kuwarudisha, nilikuwa nawasaidia kulifunga gunia mgongoni.