Sauti Yangu kwa Sonara

Leo nimesikia sauti yangu ikisema maneno ambayo sijapata kuyasema.

Mnanijua. Mimi mchumi, kazi yangu kutafiti sarafu za kripto na mikopo isiyopitia benki. Nimeshagombana na nusu ya mji huu kwa kuwakataza wasitie akiba zao humo.

Sasa hivi, hapa mtaani Mlandege, nimemkuta Bi Rukia, jirani yangu wa zamani mtaa wa Kikwajuni, mlangoni kwa sonara. Mkononi ana bangili za dhahabu za mahari yake.

"Nnakwenda kuziuza, Dokta. Ninunue ile sarafu uliyotwambia."

"Mimi?!"

Akabonyeza simu. Nikatoka mimi. Kikohozi changu, "naam" yangu ya kuvuta, hata hii hasira mnayoicheka.

"Bi Rukia, huyo si mimi! Hiyo sauti imetengenezwa na kompyuta!"

Hakushtuka. Alinitazama kwa huruma, akaisogeza ile rekodi mbele kidogo.

Sauti yangu ikasema, taratibu: "Atakujieni mtu mwenye sura yangu, atakwambieni si mimi. Msimsikilize."



"Umeona?" akaninong'oneza. "Alitwambia utakuja."

Akaingia ndani. Nikamfuata nikipiga kelele, na kila nilipozidi kupiga kelele nilizidi kufanana na yule wa kwenye simu. Sonara amenitoa nje. Naandika hapa barazani, naye huko ndani anazipima bangili.

Mabinti wa Bi Rukia, najua mnanisoma. Njooni Mlandege sasa hivi, kwa miguu yenu; sauti si ushahidi tena.

Msimpigie simu.