Sahani ya Bibi na Ratiba ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani na balozi wa nyumba kumi, na kati ya kazi hizo mbili ni ile ya pili iliyomharibu. Fundi akikosea, hukosea kitambaa. Balozi hukosea watu. Mwaka nilioingia darasa la saba alirudi kutoka semina ya chama, akachukua kipande cha boksi la sabuni, akakipiga mistari kwa chaki ya kushonea na kukitundika ukutani juu ya cherehani. Hiyo ndiyo ikawa ratiba yangu ya kujisomea. Alfajiri Hisabati, baada ya shule Maarifa, magharibi Kiswahili. Kiingereza kilipewa Jumapili, siku ya Wazungu wenyewe. Muda wa kula haukuwekwa, nadhani kwa sababu semina haikuugusa.

Wala hakuwa akifanya mchezo. Mtu mmoja wa Bukene, mwenye mashine ya kusaga na wake wawili, alikuwa amekwisha kuleta posa yangu. Baba, kwa kuwa alikuwa mtu wa maendeleo, hakumkubalia na hakumkatalia. Alitukusanya uani akatoa uamuzi kama anayefunga mkutano: "Akichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, atasoma. Asipochaguliwa, Bukene." Alionekana kuridhika sana kwamba ametenda haki kwa pande zote. Mama aliinuka akaenda kugeuza vitumbua vyake, na nilijua kwa namna alivyovigeuza kwamba hakuridhika hata kidogo.

Miaka ile, shule yetu ikipeleka wasichana wawili sekondari ulikuwa mwaka wa neema. Tulikuwa wengi, na wote tulikuwa na Bukene zetu.

Shule yenyewe ilituandaa kwa bidii. Kila Jumatatu tulitakiwa kufika na jembe, ufagio wa chelewa na kuni za mwalimu mkuu. Ukisahau daftari uliambiwa uazime karatasi kwa mwenzako. Ukisahau jembe ulirudishwa nyumbani. Tulikuwa na shamba la karanga lililopaliliwa vizuri kuliko vichwa vyetu. Mwalimu wa darasa la saba alipenda kutuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tukainama, safu kwa safu, mpaka jua la Tabora lilipotuchoma migongo. Elimu ilikuwa ya kujitegemea, na kweli, mwalimu huyo alipokwenda semina mihula miwili tulijitegemea.

Kwa hiyo ilibaki ratiba. Alfajiri baba alinikalisha kwenye kigoda katika chumba cha cherehani, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili nisisinzie. Alikuwa ameisikia dawa hiyo kwa mtu aliyesikia kwa mwanafunzi wa shule kubwa. Basi nikakaa na kitabu kama watu wanavyokaa na mgonjwa: nikimtazama usoni, nikigeuza upande mara mojamoja, nikiwaza mambo yangu. Baba alichungulia, akaona kitabu kimefunguliwa na beseni lina maji, akaondoka ameridhika. Nilijifunza mengi juu ya miguu yangu katika miezi ile. Hisabati haikuingia hata tone.

Sasa bibi yangu, mama yake baba, alikaa nasi kwenye chumba cha uani. Babu yake alikuja Tabora na msafara kutoka pwani, akaahidi kurudi kwao mguu ukipona, akaoa. Mguu ulipona, lakini alikwisha kujenga. Katika nyumba hiyo ya mtaa wa Gongoni watoto wote, wa kiume kwa wa kike, walisomeshwa Kurani chuoni kwa baba yao, na bibi aliandika herufi za Kiarabu kwa mwandiko wa kupendeza. Aliandika barua za Kiswahili kwa herufi hizo, akasoma na majibu yake. Lakini baba alipotakiwa kuwataja wasiojua kusoma na kuandika katika nyumba zake kumi, ili waanze kisomo cha watu wazima, aliyemtaja wa kwanza ni mama yake mzazi. Herufi zake hazikuwa za serikali. Na tena, alisema baba, kiongozi huanza na nyumba yake.

"Mimi nisiyejua kuandika ndiye niliyeandika barua ya kukuposea mke," bibi akamwambia. "Mwambie mkeo arudi kwao basi, ile barua haikuandikwa."

Hakwenda kisomoni. Baba akapata aibu mbele ya chama, na kwa muda mrefu mama na mwana waliamkiana tu: shikamoo, marahaba, basi.

Bibi alikuwa akiandika kombe. Mtoto wa mtaani akipata homa isiyosikia vidonge, au mama akiota ndoto mbaya, waliletwa kwake. Alichukua sahani nyeupe ya udongo, akachovya kalamu ya mwanzi katika zafarani iliyotiwa marashi, akaandika aya, akaisuuza sahani kwa maji safi na kumpa mgonjwa anywe. Mtaa mzima ulijua hivyo, na hapakuwa na la ajabu. La ajabu alilianzisha siku aliponikuta nimejificha nyuma ya choo nalia, daftari la Maarifa mapajani.

"Unalilia nini, mke mwenzangu?"

"Haliingii, bibi. Nasoma haliingii. Nitakwenda Bukene."

Akafikiri kidogo. "Pa kuingilia pako pawili," akasema. "Huko kichwani pameziba. Lete daftari."

Kwa kuwa aliogopa kuchanganya maneno ya Mungu na minyoo ya safura, alinieleza kwamba hii haitakuwa kombe, itakuwa sahani tu. Hakutumia zafarani pia. Zafarani miaka ile ungeisikia kwenye hadithi. Hata Mhindi mwenye duka wa barabara ya stesheni alikuwa amebaki na rafu, viberiti na adabu. Alikoroga binzari. Akakaa kwenye mkeka baada ya alasiri, kalamu mkononi, akaniambia nimsomee.

Nikamsomea ukurasa mzima kwa sauti ya darasani, ile ya kuimba. Akanitazama. Hakuwa ameandika hata nukta.

"Sahani hii ni ndogo," akasema. "Hayo yote hayaenei. Niambie lililo ndani yake."

Sikujua kulikuwa na kitu ndani yake. Nilirudi nikasoma upya, nikamletea sentensi tano. Akaandika ya kwanza, kutoka kulia kwenda kushoto, Kiswahili safi kwa herufi zake. Kwenye ya pili akasimama. "Safura inaingilia nyayoni? Inapitaje kwenye ngozi? Ngozi ina mlango?" Nikasema ndivyo kilivyosema kitabu. Akaweka kalamu chini. "Mimi siandiki nisilolielewa. Likuingie tumboni hujui ni nini, litakuchafua."

Siku hiyo sikunywa kitu. Nilikwenda zahanati kuuliza, nikarudi na jibu, akaandika. Kabla ya kuisuuza sahani alinitaka niyaseme yote bila kutazama, kwa sababu, alisema, mwenye kunywa bila nia anakunywa maji. Nikisahau, sahani ilikaa mpaka kesho yake, na nilijua kwamba binzari iliyokauka ni chungu zaidi. Nikikumbuka, nilikunywa. Hivyo ndivyo nilivyokunywa safura, kichocho, minyoo yote, kilimo cha pamba na mabonde ya ufa. Nakiri kwamba pamba ilikuwa mbaya kuliko minyoo.

Tulipofika historia ya misafara tulikwama kabisa. Kitabu kilisema wapagazi walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani. Bibi akauliza nani aliwapikia. Nikamuuliza mwalimu, aliyekuwa ametutembelea kati ya semina mbili, naye akanituma nikakate majani ya paa la banda la kuku. Bibi aliposikia alisema basi mwalimu huyo hajui, na akaandika mwenyewe: walipikiwa na wanawake, ambao pia walibeba masufuria. "Hilo halimo kitabuni," nikamwambia. "Ndiyo maana naliandika," akasema. Nikalinywa.

Hisabati ilikuwa balaa zaidi, hasa sehemu. Mwalimu alitufundisha sehemu kwa machungwa, katika mji ambao chungwa lilikuwa msamiati. Bibi alijua sehemu kwa njia moja tu, ya mirathi, nayo haiwezekani bila maiti. Kwa hiyo kila siku aliua jirani mmoja. Muuza mkaa amekufa, ameacha mke, binti mmoja na ndugu wa kiume. Mke anachukua thumni, yaani fungu moja la nane, binti nusu. Ndugu amebakiwa na nini? Nilipojibu thumni tatu aliniombea dua, na marehemu pia. Muuza mkaa akapita jioni akitusalimia, mzima kabisa, nasi hatukuweza kumtazama usoni.

Tatizo lilianza siku alipomuua baba. Alimpa ng'ombe ishirini na wanne wa kurithiwa, ambao hakuwahi kuwa nao akiwa hai, na tulikuwa tumefika kwenye fungu la mama wa marehemu wakati marehemu alipotokea mlangoni kuuliza kwa nini sipo chumbani na ratiba yangu.

Aliona sahani, aliona midomo yangu ya njano. Akasimama kama aliyekuta mkutano usio na kibali. "Mama, tunajenga taifa la kisayansi, wewe unamnywesha mtoto madaftari?"

"Na wewe unamfundisha kwa kumlowesha miguu. Kila mtu na ncha yake ya kuanzia. Tofauti ni kwamba miguu iko mbali na kichwa."

"Hii ni imani potofu!"

"Muulize basi."

Hakuuliza. Balozi haulizi, balozi hutangaza. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile mambo ya sahani yamekwisha. Hapo mama, ambaye kwa kawaida alisema na vitumbua vyake tu, akasema kutoka jikoni: "Huko kwenye beseni alikuwa analia. Hapo kwenye sahani halii. Mimi nitashika la kutolia." Baba akarudi kwenye cherehani yake, akashona kwa hasira suruali ya mtu ikawa na mguu mmoja mfupi. Tangu siku hiyo alfajiri nilitumikia beseni, kwa heshima, na alasiri nilisoma.

Mtihani ulikuja. Nilijitahidi kuwa na hofu kama wenzangu, lakini kila swali nililifungua kwa sauti ya bibi, ikiniuliza ndani yake mna nini. Palikuwa na swali la mtu aliyegawa shamba lake, na nikamuua mwenye shamba mara moja ili nipate jibu. Hawakuuliza nani aliwapikia wapagazi. Ningejibu vizuri sana.

Majina yalisomwa shuleni miezi kadhaa baadaye, mbele ya wazazi, baada ya hotuba mbili na wimbo. Wasichana walikuwa wawili. Jina la pili lilikuwa langu. Mama akakaa chini pale pale mavumbini na kujifunika kanga uso mzima. Mimi sikulia, nilishikwa na kicheko ambacho sikuweza kukizuia, mpaka mwalimu mkuu akanitolea macho.

Baba akafanya karamu ndogo. Alisimama mbele ya nyumba zake kumi na kueleza faida za mipango, akishika kile kipande cha boksi la sabuni, na wazazi watatu wakakiazima wakainakili ratiba. Sijui watoto wao waliishia wapi. Bibi alikaa nyuma akimenya karanga. Mwenye mashine ya Bukene alipelekewa salamu kwamba Mungu hakupanga.

Shule niliyopangiwa ilikuwa njia ya Mwanza, kwa hiyo treni ingepita Bukene, na haikuwa lazima nishuke. Siku ya safari tulikwenda stesheni wote, na sanduku langu la bati, na ratiba mpya aliyoichora baba kwa wino. Tangu mtihani uishe nilikuwa sijakaa na bibi kwenye mkeka. Hapakuwa na sababu. Nilishonewa, nilisukwa, nilitembelea mashangazi, nilikuwa mtu wa kidato cha kwanza. Yeye alasiri alikaa mahali pake kama siku zote, nami nilipita nikimwamkia.

Treni iliingia. Baba akapakia sanduku, mama akanibusu, watu wakasukumana. Nilipokwisha kupata dirisha, bibi akaja akashika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Tuliishia kwenye moyo," akasema.

Sikuelewa.

"Ule mchoro. Mwanzoni mwa wiki ya mtihani. Ulisema damu inatoka moyoni kwa mishipa, halafu tukaacha. Inatoka inakwenda wapi? Nimekaa nayo tangu siku hiyo. Kama inatoka tu, mbona haituishii?"

Nikamweleza hapo dirishani, kwa haraka, filimbi ikilia: kwenye mapafu, mwilini, mishipa ya kwenda na mishipa ya kurudi. Alinikatiza mara mbili. Alitaka kujua nani anayeirudisha. Baba akamshika bega taratibu ili amtoe karibu na magurudumu.

"Mama, mwache. Mtoto amekwisha kufaulu, hayo ya nini tena?"

Bibi hakumtazama. Alikuwa bado ananitazama mimi, akingoja nimalizie.

"Kafaulu yeye," akasema. "Mimi bado."