Mama Kulwa na Mvua Iliyogoma

Nilipokuwa mtoto pale Tinde, bibi alinikataza kukaa popote alipokuwa amekaa Mama Kulwa, jirani yetu aliyezaa mapacha. Kigoda akikiacha kilibaki na unyevu, na mwenyewe alinukia sabuni kupita kiasi. Kanisani alisimama karibu na mlango, na kabla ya wimbo wa mwisho alishatoweka. Mtu wa hivyo anaficha nini?

Bibi alikuwa na jibu lake. Mama Kulwa alikataa kuchezewa ngoma ya mapacha, ile ya kuwatakasa ili wasizuie mvua, akisema ameokoka. Basi mwaka ule mvua ilipogoma na mahindi yakanyauka, maneno yakaanza: maji yanamtoka yeye kwa sababu ndiye aliyeyafunga kule juu. Hata mimi nikawa namchungulia akianika vitambaa nyuma ya nyumba.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamwita ajieleze. Kabla hajaenda, mama yangu aliingia kwake akafunga mlango. Nikatega sikio dirishani.

"Niambie ukweli, Mama Kulwa. Unafanya dawa gani?"

Alilia kwanza. "Si dawa. Tangu nizae hawa, mkojo hauzuiliki. Nikikohoa unatoka, nikijitwika ndoo unatoka. Na kuna kitu kinashuka huku chini. Wanaume wale nitawaambiaje?"

Mama hakumwamini mpaka alipoonyeshwa. Akaenda mwenyewe kwa wazee wa Sungusungu, akawaambia huu ni ugonjwa wa uzazi. Waliinamisha macho, wakasema aende akatibiwe, lakini wataangalia kama mvua itarudi.

Mama akapanda naye basi hadi hospitali. Huko alielezwa kuwa kizazi kimeshuka, misuli inayokishikilia chini ya nyonga imelegea kwa kuzaa. Aliwekewa pete ya mpira ya kukizuia, akafundishwa kuibana misuli ile na kuiachia, kila siku bila kuchoka. Taratibu vitambaa vikapungua kambani.

Kisha mvua ikanyesha.

"Umeona, ng'wanawane, mwanangu?" bibi akaniambia. "Huko hospitali wamemfungua, na mvua nayo imefunguka."

Mama alitaka kumbishia, akachukua ndoo akaenda kukinga maji. Mvua ilikuwa inanyesha kweli.

Sasa naishi Geita, nina watoto wangu. Juzi kliniki nesi aliniuliza kama nikicheka mkojo unanitoka. Niligeuka kwanza kuwatazama wanawake waliokaa nyuma yangu. Nikasema hapana. Nesi hakuandika kitu, alinisubiri tu.

"Ndiyo," nikanong'ona.